Disketi Katika Kapu la Mbegu

Kompyuta ya kwanza kufika kijijini kwetu ilikuja imelazwa juu ya magodoro mawili nyuma ya gari la mradi, na baba yangu amekaa pembeni yake, ameishikilia kama mgonjwa. Wagonjwa wetu wenyewe hawakuwahi kupata magodoro mawili. Walishushwa Lushoto kwa machela, wanaume wanne wakipokezana, na masika yakikolea walishushwa kwa dua.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kila kitu ruksa. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, na mbele ya mlango wake alikaa muuza mitumba. Kwake ndiko baba alikonunua shati la kufundishia, lenye maandishi kifuani kwa lugha ambayo hata yeye hakuijua. Zahanati, ambayo zamani ilikosa dawa bure, sasa ilitutaka tuchangie na dawa bado ikakosa. Na sisi watu wa njia ya Shume, tuliozoea kupeleka kabichi na peasi mjini, tukaanza kuletewa maendeleo kutoka huko huko. Kompyuta nayo ilikuwa mtumba, ila hilo hatukuruhusiwa kulisema mbele ya wageni.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi. Alipenda semina kuliko chai, na chai aliipenda sana. Ofisini kwake, ukutani nyuma ya kiti, kilining'inia cheti cha semina yake ya kwanza, ya siku tatu mjini Lushoto, kuhusu mbinu za kisasa za kuinua elimu na afya vijijini. Alikitia fremu na kioo, na chini yake akatundika picha ya washiriki, yeye mstari wa mbele, kacheka mpaka jino la mwisho. Nyumbani kwetu hapakuwa na picha nyingine yoyote.

Mama alilima maharage na kabichi, tena alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, kazi ambayo malipo yake ni kuitwa. Kila mwezi alitundika mzani kwenye boriti ya kibaraza cha zahanati, akawavisha watoto kile kisuruali cha turubai, akawapima mmoja mmoja wakilia, na kuandika uzito wao kwenye kadi zao za kliniki.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alikuwa na miaka mitano na hamu moja tu duniani: kuanza darasa la kwanza. Alikuwa na umbo dogo, ungemdhania wa miaka mitatu. Kila asubuhi alitufuata shuleni, akasimama mstarini, akanyoosha mikono akaguliwe kucha na mwalimu wa zamu, kisha akarudishwa nyumbani. Kucha zake zilikuwa safi kuliko zetu sote.

Mtaalamu wa mradi alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyepanda milima mwezi wa saba na shati la mikono mifupi. Alitueleza mpango wake akiwa amejikunyata ndani ya blanketi la mama. Mashine moja, kazi tatu. Itatunza kumbukumbu za afya za watoto. Itafundishia shuleni. Na kwa kuwa shule haikuwa na mlango unaofungika wala zahanati haikuwa na vioo, itakaa nyumbani kwa mwalimu mkuu, ili familia za vijijini nazo zizoee kuishi na kompyuta. Hiyo kazi ya tatu nadhani aliibuni palepale, baada ya kuiona shule.

Basi ikawekwa sebuleni, na sebule ikaacha kuwa yetu. Mama aliivua redio kitambaa chake cha kufuma, akaifunika kompyuta, na redio kwa kisirani ikaacha kushika stesheni. Tulinawa miguu kabla ya kuingia. Bibi, mama yake baba, alikuwa akipita mbele ya ile mashine anainamisha kichwa kidogo. Alisema hizi si zama za kujua nani ana cheo. Majirani walikuja, wakapewa chai, wakaitazama ikiwa imezimwa, kwa sababu petroli ya jenereta ilitengwa kwa kazi rasmi. Mzee mmoja aliuliza inakula nini. Baba alicheka kwa dharau. Baada ya miezi mitatu ya kuihangaikia petroli hakulicheka tena swali lile.

Shuleni, kompyuta ilifundishwa ubaoni. Baba aliichora kwa chaki nasi tukaichora kwenye madaftari. Kisha kila mwanafunzi akatengeneza kibodi yake kwa boksi la sabuni, herufi kwa kalamu ya wino, tukawa tunafanya mazoezi ya kuchapa huku mwalimu akipita katikati ya madawati kusikiliza vidole. Mimi nilikuwa na kasi ya ajabu. Nilimchapia waziri barua nzima juu ya boksi lile, na hakuna aliyeweza kunionyesha kosa hata moja. Mtihani ulipokuja tuliulizwa tutaje sehemu nne za kompyuta na kazi ya kila sehemu. Nikapata nne kwa nne, mimi niliyelala ukuta mmoja na kompyuta na sijawahi kuigusa.

Afya ndiyo iliyofaidi zaidi, yaani upande wa kuchapwa. Mama akishapima, kadi zililetwa nyumbani, nami nikamsomea baba huku akizipiga kwenye mashine kwa kidole kimoja. Kumwingiza mtoto mmoja kulimaliza muda wa kuivisha maharage. Mwisho wa mwezi mashine ilichora mstari kuonyesha kwamba mtoto fulani amepungua uzito. Mama alikuwa amelijua hilo tangu alipomshika mkono, amekwisha kuwapelekea wazazi wake karanga na mayai, na mtoto ameanza kunenepa kabla mstari haujaisha kuchorwa. Pale zahanati napo palibandikwa orodha ya dawa zisizokuwepo, imechapwa vizuri, kwa mpangilio wa alfabeti. Mgonjwa alirudi nyumbani akijua kwa uhakika alichokikosa.

Lakini nisiwe mwongo kwa sababu tu nina hasira. Siku moja mashine ile ilituonyesha jambo ambalo mama hakuwahi kuliona: watoto wa bonde moja, karibu wote, hawakuwa wamepata chanjo ya surua. Mama alikaa akawaza, akagundua kwamba siku ya chanjo ilikuwa ndiyo siku ya gulio lao. Siku ikabadilishwa, watoto wakachanjwa. Mama aliipapasa kompyuta juu ya kitambaa chake, kama anavyompapasa mbuzi aliyetoa maziwa. Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa naandika habari nyingine.

Hayakuishia hapo, kwa sababu mtaalamu alihutubia. Alisema lengo letu ni kuachana na makaratasi. Alisema tu, kama watu wa semina wanavyosema. Baba alimsikia kwa masikio yote mawili. Wageni wa mradi walipokuja kukagua, aliwaandalia hafla. Moto uliwashwa mbele ya ofisi ya shule, na kina mama wakaagizwa walete kadi za watoto zilizokwisha kuingizwa kwenye mashine, zichomwe, tuagane na zamani.

Wanawake wa kwetu hawabishani na mwalimu mkuu. Walisema, "Haya, Mwalimu," wakaenda nyumbani, wakaziacha kadi mahali zilipokuwa, wakarudi na nyingine. Walileta kadi za watoto waliokwisha kuoa. Walileta kadi za ushirika uliokufa. Mmoja alileta kalenda. Zote ziliwaka vizuri na wageni wakapiga makofi.

Mama aliyaona hayo yote. Anawajua wenzake, anazijua na kadi, maana aliziandika mwenyewe. Lakini alikuwa mke wa mwalimu, na mwalimu alimwita wa kwanza, mbele ya watu, awe mfano. Alifungua pindo la kanga, akatoa kadi ya mdogo wangu, akaitazama mbele na nyuma, akaitia motoni. Ilikuwa kadi yenyewe. Mdogo wangu alizaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi, kwa hiyo hapakuwa na karatasi nyingine duniani iliyosema amezaliwa lini. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijijini kwetu wale wasiosikia waliendelea kutembea salama, na sisi tuliosikia ndio tuliovunjika.

Siku hiyo hiyo mtaalamu alimkabidhi baba disketi tatu, vile vibao vyembamba vya plastiki. Alieleza kwamba kumbukumbu zote za watoto zimo humo, na hata mashine ikifa zenyewe zitabaki, mradi zitunzwe pahali pakavu. Adui yake ni unyevu, alisema, mara tatu. Baba alizipokea kwa mikono miwili, akamgeukia mama, na kwa kuwa hakuweza kukabidhi hata kijiko bila hotuba, akasema:

"Mama, hizi ni mbegu za maendeleo. Zitunze kama unavyotunza mbegu."

Mama akazitunza kama anavyotunza mbegu.

Asiyewahi kukaa kwetu hajui unyevu. Kuanzia mwezi wa sita ukungu huingia ndani bila hodi na kukaa mpaka saa nne asubuhi. Viatu vya Idi huota kuvu kabla ya Idi kufika. Pahali pakavu katika nyumba ya Msambaa ni mahali pamoja tu: darini, juu ya jiko la kuni, moshi unapopita. Huko ndiko yanakolala mahindi ya mbegu na maharage ya mbegu, hati ya shamba, na kadi za kliniki. Vitu vyote vya maana kwetu vinanuka moshi. Mama alizifunga disketi kwenye kitambaa safi, akazilaza katikati ya maharage kapuni, akapanda ngazi na kulitundika kapu juu kidogo ya moto, mahali pa heshima.

Mwaka uliofuata mashine ilikufa. Wengine walisema jenereta, wengine unyevu. Mtaalamu alikuja tena, safari hii na koti, akaifungua, akakuta mende wamehamia ndani na watoto wao. Kwa hiyo lile lengo la tatu, la familia za kijijini kuzoea kuishi na kompyuta, lilikuwa limetimia.

"Si neno," alisema. "Mashine ni chombo tu. Disketi ziko wapi?"

Mama alipanda ngazi kwa furaha. Nakumbuka furaha ile, inaniuma mpaka leo. Alishusha kapu, akapekua maharage, akafungua kitambaa. Plastiki ilikuwa imejikunja kama chapati iliyosahauliwa juu ya kikaango, nyeusi kwa masizi.

Mtaalamu aliokota moja, masizi yakamshika vidole. "Mama, nani alikwambia uziweke kwenye moshi?"

Mama alimtazama baba. Baba akatazama bati.

"Mwanangu, ulisema pahali pakavu," mama alisema. "Kama kuna pakavu kuliko hapa milimani, nionyeshe na mimi, nihamishe mahindi yangu."

Kijana aliipakia mashine yake kwenye gari, safari hii bila magodoro, na mradi ukaondoka nayo. Redio ikarudishiwa kitambaa chake. Yale maharage mama aliyapanda msimu ule na yote yaliota.

Januari ikafika, wakati wa kuandikisha darasa la kwanza. Mdogo wangu alikuwa anatimiza saba mwaka ule. Mama alimshonea sare kutokana na sketi yangu ya zamani, naye akailalia wiki nzima chini ya shavu isije ikapata mikunjo.

Zamani kuandikishwa kulikuwa rahisi. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, vidole vikishika sikio la upande wa pili, huyo ni mwanafunzi. Baba alikuwa amelifuta jambo hilo. "Elimu haipimwi kwa sikio," alitangaza, na kwa mkono wake akaandika sheria kwamba mtoto hataandikishwa bila maandishi yanayoonyesha tarehe ya kuzaliwa. Mwaka uliotangulia alimrudisha nyumbani mjukuu wa mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa kuwa kadi yake ilikuwa imeliwa na panya. Na hata lile sikio lingerudishwa, lisingemsaidia mdogo wangu. Tulimjaribisha jikoni. Vidole vyake viliishia utosini.

Nyumbani baba alikwisha kusema hataki kusikia habari ya kadi. Mwalimu mkuu hawezi kumwingiza mwanawe kwa mlango wa nyuma. Mama alijibu, "Haya, Mwalimu." Nilipaswa kujua maana ya ile "haya", maana nilikwisha kuisikia kwa wanawake wengine.

Siku ya kuandikisha baba alikaa ofisini na daftari mbele yake, mwenyekiti wa kamati pembeni. Mimi nilikuwa mlangoni, nimepewa kazi ya kuita wanaofuata. Kina mama waliingia mmoja mmoja, wakampa shikamoo, wakafungua mapindo ya kanga na kutoa kadi za kliniki, zimekuwa rangi ya chai kwa moshi. Chumba kizima kikanuka jikoni. Baba alizipokea zote, kadi alizokwisha kuzichoma mwenyewe mbele ya wageni, akanakili tarehe bila kuinua macho. Hakuna aliyecheka. Kwetu mtu mzima akiumbuka, watu hutazama chini.

Kisha akaingia mama na mdogo wangu ndani ya ile sare.

"Kadi ya mtoto?" baba aliuliza, kana kwamba hawajuani.

Mama alifungua pindo, akaweka juu ya daftari disketi moja iliyojikunja.

"Hii hapa, Mwalimu. Isome."

Mwenyekiti alikohoa. "Mwalimu, mjukuu wangu alirudi nyumbani," alisema taratibu. "Sheria ni yako."

Baba alikisogeza pembeni kile kipande cha plastiki. Masizi yalikuwa yameacha alama kwenye ukurasa safi. "Basi," alisema, "atasubiri mwakani."

Mdogo wangu hakuelewa. Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele, viganja chini, akidhani labda tatizo ni kwamba hajakaguliwa kucha.

Nilimchukia baba wakati ule, nasema wazi. Nilichukia sheria yake na hotuba zake na lile shati lake lenye maandishi. Nilimchukia na mwenyekiti, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mama hakupandisha sauti. Alizungumza Kisambaa, lugha ambayo baba aliipiga marufuku ndani ya ofisi ile.

"Unataka maandishi? Yapo. Yako nyuma yako."

Baba hakugeuka.

"Alizaliwa siku ya mwisho ya semina," mama alisema. "Ile mliyopiga picha. Mama yako ndiye aliyempokea, mvua inanyesha, damu haikatiki. Tulituma mtu akuite. Akarudi akasema umesema huwezi kutoka kabla ya kupewa cheti."

Wanawake waliokuwa barazani walitazama chini. Baba aliinuka, akageukia ukuta. Kioo cha fremu kilikuwa kimefanya kuvu, kwa hiyo ilimbidi akifute kwa mkono wa shati ndipo asome tarehe. Chini ya cheti alikuwapo yeye mwenyewe, mstari wa mbele, anacheka.

Mwenyekiti naye alisimama, akasogeza uso kwenye kioo. "Muhuri upo," alisema. "Mimi sina kipingamizi."

Baba alirudi kukaa, akaandika tarehe ile mbele ya jina la mdogo wangu. Aliiandika polepole, kwa herufi zake nzuri za ubaoni, akaipulizia wino ukauke. Hakuhutubia. Mikono ya mdogo wangu ilikuwa bado imenyooshwa juu ya meza, inangoja. Baba akaishika na kuanza kumkagua kucha, kidole kimoja kimoja, na alichukua muda mrefu kuliko kucha kumi zinavyohitaji.